Shangazi, paka wangu anajikaza hapati kitu, na mbwa anajikuna hadi alfajiri

Shangazi, shikamoo.

Naandika kutoka Tanga mjini. Asubuhi nauza vitumbua na maandazi, mchana nashona. Nyumbani tuna mbwa mmoja, Simba, na paka dume anaitwa Mweusi. Simba hatukumnunua. Mpangaji aliyetutangulia alihama akamwacha uani, tukashindwa kumfukuza. Ana kama miaka minne. Mweusi watoto walimwokota mtaroni akiwa bado mdogo kabisa, sasa ana miaka mitatu.

Simba alianza kujikuna tangu masika. Usiku nasikia mguu wake ukigonga mlango wa bati hadi alfajiri. Manyoya yamemnyonyoka mgongoni karibu na mkia, ngozi imekuwa nyekundu na inatoa harufu. Masikioni kupe wamejazana kama mbegu za mbarika. Jirani yetu fundi gari alinipa oili chafu, akasema ndiyo dawa ya siku zote. Nilimpaka mara moja, akajilamba, akatapika usiku kucha, nikaacha. Mume wangu anasema tujaribu mafuta ya taa. Mdogo wangu aliye Dar es Salaam alinitumia maelezo kwamba vitunguu saumu kwenye chakula huwafukuza kupe, kwa hiyo kila jioni nampondea punje tatu kwenye ugali. Hii ni wiki ya tatu. Kupe bado wapo.

Dawa za dukani naziogopa, Shangazi, na nina sababu. Miaka ya nyuma, nyumbani kwa wazazi wangu, mtu mmoja alituogeshea mbwa kwa dawa ya kuogeshea ng'ombe. Alikoroga kwa macho tu. Mbwa alianza kutetemeka, akatoa povu, na kabla ya magharibi alikuwa amekufa. Tangu siku hiyo nimejiapia kutumia vitu vya asili peke yake: mwarobaini, mafuta ya nazi, manjano, mbegu za papai.

Sasa limezuka jingine. Tangu jana asubuhi Mweusi anaingia kwenye sanduku lake la mchanga, anachuchumaa, anajikaza, analia, hakitoki kitu. Anatoka, baada ya dakika chache anarudi. Nadhani amefunga choo. Nimempa papai bivu na kijiko cha mafuta ya nazi, akatapika. Leo hataki kula, amejificha chini ya kitanda. Mama mkwe anasema anaumwa tumbo, tumpe robo ya kidonge cha parasetamoli.

Chakula chao ni chetu. Simba anakula makoko ya ugali na mchuzi uliobaki. Mweusi namchanganyia ugali na dagaa wakavu kidogo, maana dagaa wamepanda bei. Chakula cha viwandani siwezi kukimudu. Je, naweza kuwatibu kwa chakula na miti shamba bila kuwadhuru? Na hizi chanjo, kwa mbwa asiyetoka uani, ni za lazima?

Mama Wawili, Tanga

*

Marahaba, mwanangu.

Wasomaji wajue kwanza kwamba barua hii haikungoja siku yake ya kuchapishwa. Nilipofika kwenye maneno "anajikaza, analia, hakitoki kitu" niliacha kusoma nikamtumia Mama Wawili ujumbe: mpeleke paka kwa daktari wa mifugo sasa hivi, na parasetamoli msimpe hata chembe. Alikwenda. Kesho yake akanijulisha kwamba Mweusi alikuwa amezibwa njia ya mkojo, amepitishiwa mrija, mkojo umetoka ukiwa na damu, na ameanza kula. Nilikaa chini nikashukuru Mungu. Naichapisha barua yake kwa ruhusa yake kwa sababu najua katika nyumba nyingine, wiki hii hii, kuna paka anachuchumaa na mwenye paka anamenya papai.

Njia ya mkojo ya paka dume ni nyembamba sana, hasa kuelekea mwisho. Chumvi za mkojo zikiganda zikawa kama mchanga laini, zikachanganyika na ute, kinatengenezeka kizibo. Kibofu kinajaa, figo zinashindwa kutoa taka, madini ya potasiamu yanapanda kwenye damu, na moyo unasimama. Paka aliyeziba kabisa anaweza kufa ndani ya siku mbili au tatu. Ukimtazama kwa mbali anafanana kabisa na paka aliyefunga choo, na hapo ndipo watu wanapopotea. Mshike taratibu tumboni upande wa nyuma: ukihisi kitu kigumu cha mviringo kama chungwa, usibonyeze, usisubiri. Paka dume anayechuchumaa mara kwa mara bila kutoa mkojo mchukulie amezibwa mpaka daktari aseme vinginevyo. Hakuna jani, mzizi wala mafuta yanayozibua pale. Ni mrija tu.

Kuhusu ile robo ya kidonge, najua mama mkwe alisema kwa huruma, na simlaumu. Dawa inayotuliza kichwa cha mtu mzima ini la paka haliwezi kuivunja. Inageuka sumu ndani yake, damu inashindwa kubeba hewa, fizi zinakuwa za kahawia, uso unavimba. Kidonge kimoja kinatosha kumuua, na hata kipande ni hatari. Mwambie mama kwa upole, kwa maana siku nyingine utakuwa gengeni naye ndiye yuko nyumbani.

Sasa nikujibu ulichouliza, maana umeuliza jambo la maana. Kwa miaka niliyozunguka vijijini nikiwa afisa mifugo nimeona mbwa na paka wengi wakirudi kwenye afya kwa kubadilishiwa sufuria tu. Chakula kina nguvu hiyo, nami naiamini. Lakini chakula cha mbwa si cha paka, na dawa ya mti kwa mbwa inaweza kuwa sumu kwa paka. Ukizichanganya hizo mbili, mapenzi yako yote hayatamsaidia mnyama.

Nianze na Mweusi. Paka wetu wa nyumbani anatokana na paka pori wa Afrika na Mashariki ya Kati, mnyama wa nchi kame aliyezoea kupata maji yake kutoka kwenye nyama anayokula. Ndiyo maana paka hana kiu kama ya mbwa. Ukimlisha kavu, hatajazia kwa kunywa, na mkojo wake utakuwa mzito, na mkojo mzito ndio unaoganda. Kwa hiyo kila mlo wa Mweusi kuanzia sasa uwe na majimaji. Dagaa wakavu waloweke, mwaga maji yale ya chumvi, wachemshe kwa maji mapya bila chumvi wala kitunguu, na umpe pamoja na supu yake. Fuata pia kile daktari alichokuambia kuhusu chakula, kwa sababu yeye ameuona mkojo na mimi sijauona.

La pili kwa Mweusi ni kwamba ugali haumfai kuwa chakula. Paka ni mla nyama kwa maumbile yake, hana hiari. Kuna kitu kinaitwa taurini kinachopatikana kwenye nyama na samaki, ambacho mwili wa mbwa kwa kawaida unajitengenezea lakini wa paka unatengeneza kidogo mno. Akikikosa, macho yanaharibika na moyo unalegea. Wataalamu wenyewe walichelewa kulijua hili. Ni mwaka 1987 ndipo watafiti wa Chuo Kikuu cha California kule Davis walipoonyesha kwamba ugonjwa wa moyo uliokuwa ukiua paka wa Marekani, tena paka waliokuwa wakila vyakula vya viwandani vya kununua, ulitokana na upungufu wa taurini, na paka wengi walipoongezewa walipata nafuu. Fikiria: chakula cha bei kubwa chenye picha ya paka mnene juu yake, na siku hizo ndani kilikuwa kimepungukiwa. Kwa hiyo usijione mnyonge kwa kushindwa kukinunua. Moyo wa ng'ombe, firigisi, vichwa vya samaki na yale mabaki ya nyama nyeusi ya jodari sokoni vina taurini. Inayeyuka majini, basi supu usiimwage. Ugali ukibaki kama konzi moja ndogo ya kushikiza mlo, si neno, lakini nyama na samaki viwe ndiyo sahani.

Tahadhari tatu za haraka hapo. Samaki mpike, kwa sababu baadhi ya samaki wabichi wana kitu kinachoharibu vitamini B1, na paka aliyelishwa hivyo siku nyingi anaanza kupepesuka na kuanguka kifafa. Maini mpe kidogo, mara moja kwa wiki yanatosha, yakizidi vitamini A inamkakamaza mifupa ya shingo. Na maziwa, ambayo kila mtu anaamini ni haki ya paka, yanawaharisha paka wengi wakubwa. Maji safi ndiyo kinywaji chake.

Simba sasa. Acha vitunguu saumu leo. Vitunguu vyote, saumu na maji, vibichi au vilivyopikwa, vina kemikali zinazoharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa, na za paka kwa ukali zaidi. Madhara yake hujilimbikiza: kiasi kidogo cha kila siku kinaweza kufanya kile ambacho punje za siku moja zisingefanya. Kwa Simba jambo hili linanitia wasiwasi kuliko kwa mbwa mwingine, kwa sababu ana kupe. Kupe wa kahawia wa mbwa, yule anayezaliana mpaka ndani ya nyumba, hunyonya damu na pia hupandikiza vijidudu vinavyoshambulia damu yenyewe. Mbwa wako kwa wiki tatu amekuwa akipoteza damu kwa kupe, pengine akiipoteza kwa vijidudu, na juu yake akipewa kitu cha kuivunja. Mwenyewe umeandika kwamba kupe bado wapo.

Usiku huu mwinue mdomo wa juu utazame fizi. Ziwe na rangi ya pinki, kama nyama ya ndani ya pera jekundu. Bonyeza kwa kidole mpaka paweupe, kisha achia uone rangi ikirudi. Ichukue sekunde mbili au pungufu. Fizi zikiwa nyeupe kama karatasi au za njano, au ukiona anavuja damu puani, ana homa, mkojo ni wa rangi ya chai ya rangi, hakuna mwarobaini hapo. Ni kipimo cha damu, na kama ana homa ya kupe, ni antibayotiki kwa wiki kadhaa bila kukatiza. Ugonjwa huo ukiwahiwa unatibika vizuri. Ukiachwa unakaa mwilini miezi na miezi huku mbwa akionekana mvivu tu, halafu siku moja unamwangusha.

Oili chafu. Nimeiona kila mkoa niliofanya kazi, na watu wanaoitumia hawana nia mbaya. Inaonekana kufanya kazi kwa kuwa mafuta mazito huwaziba pumzi wadudu wa upele waliomo kwenye ngozi. Lakini oili iliyotoka kwenye injini imebeba madini mazito na masalia ya mafuta yaliyoungua. Ngozi yenye vidonda inayanywa, ulimi unamalizia kilichobaki, na ini na figo ndizo zinazolipa. Kule kutapika kwa Simba ndiko kulikokuwa kukuambia. Mafuta ya taa ni hivyo hivyo, na zaidi yanaunguza ngozi, na mbwa akiyalamba kisha akatapika yanaweza kumwingia mapafuni. Mwambie baba watoto nimekataa. Kama bado kuna oili mwilini, mwogeshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kuoshea vyombo, suuza sana, rudia kesho.

Umesema manyoya yametoka karibu na mkia. Hapo mara nyingi ni viroboto. Upele wa mbwa hupenda kuanzia kingo za masikio, viwiko na usoni, na huwasha mpaka watu wa nyumbani: watoto wakianza kujikuna tumboni na mikononi, nenda kwa daktari na mbwa, na watoto wapeleke zahanati. Kupima, chana mgongo wa Simba juu ya kitambaa cheupe chenye unyevu. Chembe nyeusi zinazogeuka nyekundu zikiloa ni kinyesi cha kiroboto, nacho ni damu aliyoinyonya.

Na hapa ndipo njia za asili zinapostahili sifa yake yote, kwa sababu viroboto wengi hawako juu ya mbwa. Mayai yanadondoka kama chumvi pale anapolala, yanaangua vumbini, na wakubwa wanamrukia tena. Kupe jike naye akishiba anashuka, anapanda ukutani, anataga mayai maelfu kwenye ufa. Kwa hiyo dawa ya kwanza ni ufagio. Gunia analolalia lichemshe, lianike juani mchana kutwa, rudia kila wiki. Fagia kona zote za uani, choma takataka. Nyufa za ukuta na za kibanda zizibe, kisha paka chokaa. Maji ya moto yamwage pale anapolala kama ni saruji. Fanya hivyo miezi miwili bila kuchoka, maana ukiacha katikati wale waliomo kwenye vifukofuko vyao wanaibuka na unaanza upya. Kupe walio masikioni wang'oe mmoja mmoja kwa kibano, ukimshika karibu kabisa na ngozi na kumvuta moja kwa moja bila kumtumbua, kisha mtumbukize kwenye spiriti au maji ya sabuni. Usimpake mafuta kwanza wala usimchome kwa kiberiti.

Mwarobaini umepewa jina kwa kuaminiwa kutibu magonjwa arobaini, na kwa ngozi ya mbwa unasaidia kweli. Chemsha majani mabichi konzi mbili tatu kwa lita chache za maji, yaache yapoe kabisa, chuja, mwagie Simba baada ya kumwogesha, mwache akauke. Mara mbili kwa wiki inatosha. Wadudu hawapendi uchungu ule na mwasho unapungua. Lakini asinywe, na mafuta ya mbegu zake usimpake bila ushauri, ni makali kuliko majani. Mafuta ya nazi safi mpake kidogo sana penye ngozi kavu iliyopasuka, kidogo cha kutosha asipate cha kulamba. Manjano hayana ubaya mkubwa, lakini sitakudanganya kwamba yanaua kupe.

Kwa Mweusi hayo yote usiyafanye. Paka hujilamba mwili mzima, kila unachompaka amekula. Mafuta ya karafuu, ya mikaratusi, na zile dawa za kusafishia zinazogeuka nyeupe kama maziwa zikitiwa majini, ini lake haliziwezi. Mchane kwa kitana chenye meno ya karibu, ukichovya kitana kwenye maji ya sabuni, na matandiko yake yafue pamoja na ya Simba.

Sasa niguse lile la mbwa wenu aliyekufa, kwa sababu limekuumiza na limekuongoza tangu siku hiyo. Mtu yule alichukua dawa iliyokusudiwa ng'ombe, akaikoroga bila kipimo, akammwagia mnyama mdogo. Kutetemeka na povu ni dalili ya sumu ya dawa za aina hiyo kuzidi. Kosa lilikuwa kwenye kipimo na kwenye dawa kuwa ya mnyama mwingine. Haikuwa kwa sababu ilitoka dukani. Nikupe mfano wa upande wa pili: ua la pareto. Linalimwa Iringa, Mbeya na kwenye nyanda za juu za Kenya, ni ua la shambani lenye petali nyeupe, na limeua wadudu kwa vizazi. Ni la asili kabisa. Kutokana na kemikali zake wanasayansi walitengeneza dawa ya wadudu iitwayo pemethrini, ambayo mbwa anaistahimili na ambayo paka inamtetemesha mpaka kufa. Hata paka anayelala amegandamana na mbwa aliyetoka kupakwa anaweza kudhurika, na wako wawili wanaishi ua mmoja. Kwa hiyo ukiingia duka la dawa za mifugo, mtaje paka kwanza. Sema uzito wa Simba, umepimwa kwenye mizani na si kwa macho, na usikubali chupa isiyo na lebo au dawa iliyomiminwa kwenye chupa ya soda. Dawa ya kupe iliyopimwa na daktari, pamoja na ufagio wako na mwarobaini wako, ndiyo itakayomlaza Simba usiku. Kimoja bila kingine hakitoshi kwa mbwa aliyefikia hapo alipo.

Tuje kwenye sufuria lake. Makoko na mchuzi yanamshibisha, hayamlishi. Ngozi na manyoya hutengenezwa kwa protini, tena hula sehemu kubwa ya protini ya siku, na mbwa asiyeipata mwili wake huipunguza kwenye ngozi kabla ya kuipunguza kwenye moyo. Mchuzi uliobaki nao una vitunguu na chumvi. Mpikie chungu chake. Kwa macho tu, theluthi moja mpaka nusu iwe ni kitu cha nyama: utumbo, pafu, moyo, dagaa, vichwa vya samaki vilivyochemshwa ukatoa miiba. Kinachobaki kiwe ugali wa dona au wali, na boga, mchicha au karoti zilizochemka zikalainika. Samaki wadogo wa baharini mnaopata hapo Tanga wana mafuta yanayopunguza mwasho wa ngozi, lakini usitarajie kwa wiki moja. Hesabu wiki sita mpaka nane ndipo manyoya mapya yaonekane. Nyama isiyo na mfupa haina kalsiamu ya kutosha, basi maganda ya mayai yaoshe, yakaushe, yasage yawe unga, tia nusu kijiko cha chai kwa kila nusu kilo ya nyama. Mifupa iliyopikwa usimpe, inavunjika vipande vyenye ncha.

Utumbo na mapafu ya machinjioni yachemshe mpaka yaive. Turkana, kaskazini mwa Kenya, ni moja ya sehemu zilizoathirika zaidi duniani kwa uvimbe wa tegu wa mbwa, na mzunguko wake ni huo: mbwa anakula viungo vibichi vyenye malengelenge, mayai ya tegu yanatoka kwenye kinyesi chake, mtoto anamshika mbwa kisha anakula bila kunawa, na uvimbe unakua kwenye ini la mtoto.

Na unga. Watu wengi mahindi yakiota kuvu husema "hayo tuwapikie mbwa." Nakuomba usifanye hivyo, hata mara moja. Mwaka 2004 mahindi yenye sumukuvu yaliwaua watu 125 mashariki mwa Kenya, Makueni na Kitui na maeneo ya jirani. Mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika kirahisi sana na sumu hiyo, na kuipika haiondoi. Unga usiofaa kwa watoto wako haumfai Simba.

Mbegu za papai kwa minyoo sizikatazi kwa mbwa mkubwa mwenye afya, ila sizitegemei. Watoto wa mbwa huambukizwa minyoo na mama yao, kwa maziwa na hata wakiwa tumboni, na mnyoo safura unaweza kummaliza damu mtoto wa mbwa kabla mbegu hazijafanya lolote. Dawa ya minyoo ya mbwa haina bei kubwa. Kuhara kwa kawaida, bila damu na huku mnyama akiwa mchangamfu, ni kazi ya jikoni kweli: wali laini na kuku wa kuchemsha bila chumvi, kijiko cha boga, maji kidogo kidogo, siku mbili. Kuhara damu huku anatapika, hasa kwa mbwa mdogo asiyechanjwa, kunaweza kuwa pavo, virusi vilivyojitokeza duniani mwaka 1978 na ambavyo hadi leo matibabu yake ni dripu na uangalizi wa daktari.

Umeuliza chanjo. Ndiyo, ni za lazima, hata kwa mbwa wa uani, kwa kuwa mbwa mwenye kichaa ndiye anayeingia uani. Dalili za kichaa cha mbwa zikishaonekana kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Hapa sina mti wa kukupendekezea na nitamkatalia yeyote atakayekupendekezea. Asilimia 70 ya mbwa wa eneo wakichanjwa, ugonjwa hukosa pa kupita, na Pemba imeonyesha kwamba jambo hilo linawezekana kwetu. Ulizia kwa afisa mifugo wa kata kuhusu kampeni, maana mara nyingi hufanyika karibu na tarehe 28 Septemba na aghalabu ni bure. Mweusi naye mpeleke. Na wanao wafundishe: mbwa au paka akiwauma au kuwaparua, wakimbilie bomba, sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima, kisha hospitali siku hiyo hiyo.

Kwa leo, mwanangu, tazama fizi za Simba kabla ya kulala, na kesho asubuhi nitumie rangi yake. Mweusi mwekee mabakuli mawili ya maji, moja chumbani na moja uani, mbali na sahani ya chakula, kwa sababu paka wengi hawapendi kunywa karibu na wanapokula. Na kwa wiki mbili hizi mchanga wa sanduku ubadilishe kila siku ili ujue kila anapokojoa na umekojolewa kiasi gani. Siku ukiukuta mkavu tangu asubuhi, usinitumie ujumbe kwanza. Mfunge kwenye kikapu uende.

Shangazi